Ndiva Tuliyoikanyaga Vitani

Suji nzima ilijua kwamba sitafika popote. Na walisema nikiwapo, maana kwetu mtu hasemwi bila kuachiwa nafasi ya kujibu. Shemeji yangu Kiure alisema siku nikipata diploma yeye atalima kwa meno. Mzee mmoja wa kanisa alisema aliyeacha shule na ndevu zikiota hawezi kurudi darasani na mvi. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu mpaka kesho, aliniambia taratibu, "Mwanangu, wewe ni fundi bomba mzuri. Kaa na bomba lako." Nilipotangaza kwamba nakwenda Kongo kufunga pampu, walinipa msimu mmoja. Atarudi kabla mahindi hayajabeba, walisema, na atarudi kwa miguu.

Basi niseme mapema ili msomaji asihangaike: diploma ninayo. Ni ya mambo ya maji na umwagiliaji, nimeipata nikiwa na miaka arobaini na mmoja, darasa moja na vijana walioniita Babu Koki. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Same, kwenye fremu ya mninga, na mgeni akikaa kwenye kiti kikubwa hana pa kutazama ila pale. Pampu za wakulima wa mpunga kule Kihurio zikigoma, naitwa mimi. Kiure bado hajalima kwa meno, lakini shamba lipo, namsubiri.

Kongo nilikaa miaka sita. Nilikwenda na mkandarasi, mkandarasi akaondoka, mimi nikabaki nikafungua duka langu la pampu na mabomba. Mji wenyewe uko Kivu, umejengwa kwenye mteremko, na mto uko chini kabisa. Sitautaja jina, kwa sababu watu ninaowasimulia wengine bado wanaishi pale.

Siku ya mwisho ya kawaida ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilifungua pampu ya mteja, nikamwonyesha jiwe dogo lililokuwa limekwama ndani, akacheka, nikacheka. Mchana nilikula maharage na sombe, kisamvu cha kule. Jioni nilirudi nyumbani nikakuta gata imegeuzwa.

Nieleze. Nilipanga nyumba iliyoshikana na ya jirani, paa moja, ukuta mmoja katikati. Upande wa pili alikaa Baba Mapendo, seremala, mtu wa umri wangu, na mkewe na binti yao. Nyuma ya paa kulikuwa na gata moja ndefu, na kwa miaka miwili maji ya mvua yalikuwa yakishukia kwenye pipa langu. Siku ile mtu alikuwa ameipigia kabari upande wangu ikainuka, na sasa maji yalishukia kwake.

"Baba Mapendo, gata imegeuka."

Alikuwa akipigilia misumari kwenye stuli. Hakuinua kichwa. "Haikugeuka. Iligeuzwa. Mimi ndiyo niligeuza."

"Kwa nini?"

"Mwaka mbili maji inaenda kwako, Mutanzania. Paa iko ya sisi wawili. Sasa ni zamu ya kwangu."

Mtu mwenye akili angesema tugawane. Mimi ni Mpare. Nilimwambia tutakutana kwa shefu, yaani kiongozi wa mtaa.

Watani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitakia kuku. Ni uongo. Ng'ombe hatuuzi, nauli tunaazima. Lakini kwenye maji hatuna mzaha. Milimani kwetu maji huja kwa mfereji kutoka msituni, hulazwa kwenye bwawa la udongo tunaloliita ndiva, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Anayemgeuzia mwenzake maji huitwa mbele ya wazee, na wajukuu wake watakumbushwa. Nimekua hivyo. Nikafungua faili, nikachora paa, gata na kabari, kwa vipimo. Shefu akapanga tusikilizwe Jumanne, saa tatu.

Jumapili habari zikafika kwamba mapigano yamevuka kilima cha pili. Dereva mmoja Mchaga, mtani wangu, aliyekuwa akileta vitunguu kutoka nyumbani, alisimamisha lori mbele ya geti langu. Nyuma alikuwa amepakia Watanzania wote wa mji ule, na magodoro yao.

"Mpare, panda!"

"Siwezi. Nina kesi Jumanne."

Alizima injini ili asikie vizuri. "Una nini?"

"Kesi. Jirani amegeuza gata."

"Ndugu zangu," akawageukia wale waliokuwa nyuma, "mmesikia? Mabomu yanakuja, huyu anasubiri hukumu ya bati!" Lori zima likaangua kicheko. Kisha akanitazama bila kucheka. "Mwenzangu, hili ndilo lori la mwisho. Nikiondoka nimeondoka."

"Nikipanda atasema nimekimbia kesi."

Aliwasha injini. Alitikisa kichwa mpaka alipokata kona.

Nikampigia simu mke wangu Namsifu, Suji. Aliuliza kesi ya nini, nikasema ya maji. Akauliza, maji kiasi gani? Nikasema ya paa moja, tena nusu paa. "Baba Neema," akasema, "mimi nilikuruhusu uende Kongo kutafuta maisha. Sikukuruhusu uende kutafuta ushindi."

Jumanne saa tatu kamili nilifika kwa shefu, shati la mikono mirefu, faili kwapani. Nyumba imefungwa. Shefu alikuwa ameondoka jana yake. Baba Mapendo alikuwa amefika kabla yangu, kavaa koti la harusi. Tulisimama pale barazani kama watu waliokuja kuposa wakakuta bibi harusi ameolewa.

"Unaweza kusema umeshindwa," akaniambia, "twende nyumbani."

"Mlalamikiwa ndiye hushindwa."

Ndipo bomu la kwanza likaanguka.

Lilianguka mtaa wa chini. Sauti ilitufikia kifuani kabla ya masikioni.

Faili likanitoka. Baba Mapendo akaliokota. Sijui kwa nini aliliokota.

Tulikimbia pamoja.

Siku nne za kwanza tulilala chini ya vitanda na kusikiliza. Umeme ulikatika, kwa hiyo mashine ya maji kule mtoni ikanyamaza, na barabara ya kushuka mtoni ikawa katikati ya pande mbili zinazorushiana risasi. Jirani yetu mmoja, mwalimu, alishuka na madumu mawili. Dumu moja lilirudi, limebebwa na mtu mwingine.

Mtaa wetu mdogo ulikuwa na nyumba saba, watu arobaini na kitu, wengi wao watoto. Siku ya tano mapipa yalibakiza matope. Na kila alasiri mvua ilikuwa inanyesha! Ilishuka kwenye mapaa saba, ikapita uani, ikaingia barabarani ikaenda zake mtoni, kule tulikoshindwa kwenda sisi. Wanawake waliweka masufuria nje, masufuria yakajaa, na kufika asubuhi yalikuwa yamekwisha. Mtoto wa Mama Sifa, muuza vitumbua wa nyumba ya tatu, alianza kuharisha. Mama Sifa alikuja kwangu akasimama mlangoni.

"Weye si unasema kila siku uko na diploma ya maji?"

"Ninayo."

"Basi leo tuioneni."

Nakiri nilifurahi. Miaka mingi nilikuwa nimesubiri mtu aniambie hivyo.

Niliwaita wote uani kwetu, palipokuwa na nafasi na ukuta wa mawe wa kutukinga. Niliwaambia tutachimba bwawa, tutaunganisha gata za mapaa yote saba, na mvua moja nzuri itatuweka siku kumi. Nilihitaji vitu, na duka langu lilikuwa upande usiofikika, kwa hiyo niliazima. Mama Sifa alinipa turubai lake la biashara. Wengine walinipa majembe, beleshi, karai, madumu matupu, vipande vya bati, kamba za nguo, na bibi kizee mmoja alinipa mpira wa baiskeli ya marehemu mumewe, kwa masharti. Kila kitu nilikitia alama ya rangi. Sijawahi kuazima vitu vingi hivyo maishani, na kwa mtu wa kwetu, kuazima ni aibu yenye miguu. Inakufuata mpaka urudishe.

Tulikosa kitu kimoja, kifuniko. Watoto walikuwa wengi, na bwawa wazi lingewameza. Baba Mapendo alikuwa amekaa kwenye stuli yake pembeni. Aliinuka, akaingia ndani, tukasikia anafungua skrubu. Akatoka amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni, wa mti mgumu, aliutengeneza mwenyewe alipooa.

"Na nyumba yako?" nikauliza.

"Risasi inabisha hodi?"

Hata waliokuwa wakilia walicheka.

Tulichimba siku tatu, katika zile saa ambazo bunduki zilipumzika kula. Nilipiga hesabu za ujazo, nikalaza turubai chini vizuri kama nilivyofundishwa, nikaunganisha gata. Gata yetu ile, niliing'oa kabari kwa mkono wangu na kuielekeza bwawani. Baba Mapendo alikuwa ameshika ngazi.

"Kesi iko palepale," akasema.

"Palepale. Sehemu yako ya maji umeniazima tu."

Mvua ilishuka alasiri ile kama iliyoitwa. Bwawa likajaa nusu. Tulienda kulala tukiwa matajiri. Asubuhi lilikuwa tupu. Turubai la vitumbua lilikuwa na matundu ya panya yaliyofichwa na mikunjo, mimi sikulikagua, na maji yote yalikuwa yamezama.

Watu arobaini walisimama ukingoni wakatazama chini. Baba Mapendo alisafisha koo.

"Diploma inavuja," akasema.

Nilikaa kwenye lundo la udongo. Mkono wangu ulikuwa umejaa ule udongo, mwekundu, unaonata. Nikaufinya, ukabaki na alama za vidole. Nikaujua. Ulikuwa udongo wa Suji kabisa.

Nilipokuwa mdogo, kila mwaka tulitengeneza ndiva kwa msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba inatoa mtu. Wanaume walichimba tope la zamani. Kisha wanawake na watoto waliingia, wakamwagiwa udongo mpya na jivu, wakaukanyaga. Si kwa saa moja, kwa siku nzima, bega kwa bega, mpaka sakafu ya bwawa inang'aa kama chungu. Niliichukia kazi ile kuliko homa. Nilijificha kwenye migomba na mama alinitoa kwa sikio. Mara moja, nikiwa na tope mpaka magotini, nilimwambia kwamba nitasoma ili nisikanyage tope tena, akasema, "Soma. Lakini leo kanyaga."

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, nimevaa shati lenye mfuko wa kalamu. Nilivua viatu.

"Leteni majivu ya majiko yote," nikasema. "Na mje na miguu."

Hili halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma vingi. Tuliondoa turubai, tukamwaga udongo uleule tuliouchimba, tukachanganya na jivu na yale maji machache ya kwenye masufuria, tukaingia kumi na watano kwa pamoja. Mwanzoni walikanyaga kama watu wanaopita msibani. Mimi nikawaambia kwetu hatukanyagi kimya, udongo hausikii. Mama Sifa akaanzisha wimbo wa harusi. Wakashikana mabega. Mtoto wake alikuwa amebebwa mgongoni na dada yake, akicheza kwa kichwa tu.

Nyuma ya kilima milio iliendelea. Tulikuwa tukiihesabu kama mtu anavyohesabu ngurumo, kisha tukasahau kuihesabu.

"Angalieni Mutanzania!" Baba Mapendo alipiga kelele, tope kifuani. "Anacheza kama mtu anaua siafu!"

"Na wewe unacheza kama stuli yako, mguu mmoja mfupi!"

Bibi kizee wa mpira wa baiskeli alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni. Alituambia tuna wazimu, watu wanakufa na sisi tunacheza. Baadaye akavua kandambili zake, akaomba mkono, akashushwa ndani. Alikanyaga kwa hatua ndogondogo, macho kafumba. Sijui siku ya furaha iliyozidi ile. Siku ya diploma nilipiga picha na kurudi kulala.

Tulikanyaga siku mbili. Mvua ikaja. Asubuhi niliogopa kutoka nje. Nilisikia Mama Sifa akiita jina langu, nikajua kwa sauti. Nilipofika, maji yalikuwa pale. Yalikuwa mekundu kidogo, yametulia, na mlango wa Baba Mapendo ulikuwa umelala juu yake. Alisimama karibu nami akatazama muda mrefu.

"Hii diploma ya mguu," akasema, "hiyo naiheshimu."

Tukaweka sheria kama za nyumbani. Dumu moja kwa kila nyumba, asubuhi, kwa zamu, na lazima kuchemsha. Kwetu mgawa maji huwa mzee asiye na upande. Walinitaka mimi, Baba Mapendo akapinga kwamba mlalamikiwa hawezi kunywa kwa mkono wa mlalamikaji, na alikuwa sahihi. Wakamchagua Mama Sifa. Alikuwa mkali kuliko mzee yeyote wa Suji. Mimi mwenyewe alinirudisha mwisho wa mstari kwa kuchelewa.

Siku moja waliingia watu wanne wenye bunduki.

Hatukuwauliza wa upande gani.

Mmoja aliusukuma mlango wa bwawa kwa buti. Akaona maji. Akaita wenzake.

Kama wangekunywa tu, sawa. Kama wangekaa, tungekwisha.

Mama Sifa alishika kata yake. "Karibuni, watoto yangu. Mstari unaanza pale, nyuma ya ule muzee."

Yule wa buti alimtazama. Akamtazama bibi kizee mwenye dumu. Mwenzake mmoja, kijana mwenye midomo iliyopasuka, akaenda akasimama nyuma ya bibi.

Wengine wakamfuata. Walipanga foleni, bunduki begani. Wakanywa, wakajaza chupa, wakasema aksanti, wakaondoka. Walipokata kona Mama Sifa alikaa chini ghafla, akacheka mpaka akalia.

Nimesimulia hili Same mara nyingi na watu hunionyesha kidole, wanasema Mpare kaongeza. Sikuongeza.

Sasa nifike pale ambapo huwa naparuka nikisimulia.

Ilikuwa wiki ya tatu. Mvua ilikuja na milio pamoja, na milio ilikuwa karibu. Kiungo cha gata juu ya ukuta wetu wa katikati kilifunguka, na maji ya mapaa mawili yakaanza kumwagika nje. Bwawa lilikuwa limebakiza kina cha kiganja. Nilichukua ngazi, nikapanda hatua mbili.

Baba Mapendo alinivuta suruali. "Shuka."

"Niache, ni dakika moja."

"Gata ile iko na kesi. Mlalamikaji hagusi kitu cha kesi." Alikuwa anacheka, mvua inamtiririka usoni. "Shuka, Mupare. Leo nashinda."

Nilishuka. Nilicheka pia.

Alipanda. Nilishika ngazi.

Nilimsikia akigonga kiungo kwa ngumi. Nikasikia maji yamebadili njia, yanaingia bwawani.

"Tayari," akasema.

Ngazi ikawa nzito, kisha ikawa nyepesi.

Risasi iliyompata haikuwa imemlenga mtu. Ilikuwa imetoka mbali, inapita.

Tuliondoa mlango juu ya bwawa tukamlaza juu yake, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomtosha. Tulimzika mvua ilipokatika, nyuma ya karakana yake. Mapendo, binti yake, alikanyaga udongo wa juu kwa miguu, taratibu, jinsi tulivyomfundisha. Hakuna aliyemzuia. Kisha tuliuosha mlango, na mama yake akasema urudishwe bwawani, watoto wasije wakatumbukia.

Baada ya siku tano milio ikahama. Upande mmoja ulikuwa umeondoka na mwingine umebaki. Barabara ya mtoni ikafunguka, na ya mpakani ikafunguka kwa wageni. Simu zikarudi. Namsifu aliposikia sauti yangu alipiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kisha akauliza, nusu kwa kunisimanga, "Na kesi iliishaje?"

"Mlalamikiwa amefariki," nikasema.

Alimlilia mtu ambaye hajawahi kumwona. Aliniambia niende kwa mkewe kabla ya kufunga mzigo.

Nimelipima jambo hili mara nyingi, kwa sababu ni kazi yangu kupima. Nisingekuwa mbishi, ningepanda lori, na watu arobaini na kitu wangeshuka mtoni mmoja mmoja. Nisingekuwa mbishi, pasingekuwa na kesi, na yeye asingepata neno la kunishusha nalo kwenye ngazi. Ubishi uleule. Nimejaribu kuyaweka mawili haya kwenye mizani, hayakai, na sijui kipimo cha kuyafanya yakae. Najua tu kwamba siku hizi mtu akinigeuzia jambo, naanza kwa kumuuliza tugawane vipi, na Wapare wenzangu wanadhani Kongo iliniharibu.

Siku ya kurudisha vitu ilikuwa Jumamosi, na jua lilitoka. Niliosha madumu yote nikayapanga uani, nikasoma alama za rangi kwa sauti kama mwalimu anayeita majina. Ilikuwa karibu sherehe. Mama mmoja alikataa dumu lake akasema lake lilikuwa jipya zaidi, wenzake wakamzomea mpaka akalikumbatia. Mama Sifa alipokea turubai, nikiwa nimeliziba matundu yote kwa vipande vya mpira kutoka dukani kwangu, akaliinua juani akatafuta hata tundu moja, akakosa. "Sasa hii ndiyo diploma," akasema. Bibi kizee nilimrudishia mpira wa baiskeli umekunjwa kama nilivyoupokea, akauhesabu mikunjo. Majembe yalirudi na mipini mipya. Mwenye karai nilimrudishia karai na shati langu juu yake, kwa sababu la kwake lilikuwa limechanika akichimba. Ndiva niliwaachia, nikaifunika kwa mbao. Walisema wataendelea na zamu, mtoni ni mbali.

Mlango niliubeba mwisho, mgongoni, kama alivyoubeba yeye.

Mama Mapendo alikuwa amekaa ndani, pazia limefungwa mahali pa mlango. Nilimsalimia, nikaomba ruhusa, nikafunga bawaba zote tatu. Ulipofika kwenye fremu ulikataa. Mti ulikuwa umekunywa maji wiki nzima na zaidi, umevimba. Niliusukuma kwa bega. Ukakataa.

"Inataka randa," akasema.

Aliinuka akaenda karakana, akarudi na randa ya mumewe, akanipa bila kuitazama. Nilikuwa nimeapa kwamba siku ile siazimi tena kitu. Nikaipokea. Mimi si seremala. Nilipiga vibaya, maranda yakatoka mafupimafupi, na yeye alisimama karibu akinionyesha kwa kidole, hapa, hapa tena, hapana, weye unakula sana, pole pole. Mkono wake ulijua kazi ile kwa kuitazama miaka ishirini. Tulimaliza adhuhuri.

Nilifuta randa kwa kiganja, nikaitia mafuta kidogo, nikamrudishia. Akaiweka mezani.

Kisha aliufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, akasikiliza komeo likiingia mahali pake.

"Inafunga," akasema.